Siku tatu Göteborg na shangazi: tiketi moja, boti na mahamri yasiyo na tui

Shangazi yangu alipokuja kututembelea Uswidi mwezi wa sita, aliweka sharti moja tu: popote nitakapompeleka pasiwe na mbio. Magoti yake hayana urafiki na ngazi, na Stockholm ninakoishi alishaichoka siku ya tatu. Ijumaa asubuhi tukapanda treni kwenda Göteborg, mji wa bandari upande wa magharibi. Ni mwendo wa kama saa tatu, na muda mwingi shangazi alikuwa akihesabu maziwa dirishani.

Nilikuwa na karatasi yenye mambo tisa ya kuona. Kufika Ijumaa jioni nilikuwa nimeshaikunja nikaitia mkobani. Uwanja wa bembea na burudani wa Liseberg, ambao uko hapo tangu 1923 na kila mtu ananiuliza kama niliingia, sikuingia. Nenda na watoto. Na mtu wa miaka sitini na nane utalipa kiingilio mkakae kwenye benchi.

Nitakachosifia kwanza si hoteli wala chakula, ni tiketi. Unakata ya saa 24 kwenye programu ya Västtrafik, shirika la usafiri la jimbo lile, na unapanda nayo tramu, basi, vivuko vya mtoni, na (hili ndilo lililonishangaza) hata boti za kwenda visiwa vya kusini, bila kuongeza kitu. Iweke kwenye simu kabla ya kutoka chumbani, kwa sababu pesa taslimu mji ule hazina kazi. Shangazi alikuja na noti za krona alizobadilisha Mombasa. Kwenye kibanda cha kahawa alizinyoosha, msichana akatikisa kichwa kwa adabu na kumwonyesha mashine ya kadi. "Pesa hizi si zao wenyewe?" akaniuliza. Zile noti alirudi nazo karibu zote.

Ijumaa hiyohiyo nilimwambia twende Feskekörka. Akataka kujua maana yake, nami kwa ujinga nikamtafsiria: kanisa la samaki. Akasimama palepale barabarani. "Mwanangu, kanisani tunakwenda kufanya nini?" Ni soko. Lilijengwa 1874, na paa lake limechongoka hivi kwamba wenyeji walilibandika jina hilo likaganda. Lilifungwa miaka kadhaa kwa matengenezo, likafunguliwa tena 2024. Ndani si soko la kelele kama tulivyozoea. Samaki wamepangwa juu ya barafu kama vito, na bei nazo ni za vito. Tulinunua kamba wadogo, ambao huku huuzwa wakiwa wameshachemshwa na maganda yao, tukakaa nje kando ya mfereji tukiwamenya kwa mkono na mkate. Shangazi alisema watamu ila ndimu ilihitajika zaidi. Kwa mla halali mji huu hauna taabu, maana samaki wako kila mahali.

Jumamosi ndiyo iliyobeba safari yote. Tulipanda tramu namba 11 hadi mwisho wa njia, Saltholmen. Unashuka, unatembea hatua chache, boti hii hapa. Tulichagua Vrångö, kisiwa cha kusini kabisa kati ya vile vinavyokaliwa, tukasimama njiani kwenye gati za visiwa vingine kupakia watu, baiskeli na mifuko ya sokoni. Visiwa hivi havina magari ya watu binafsi. Mimi nimezaliwa Lamu, kwa hiyo nilitegemea kuona ninachokijua. Nilichokuta ni vijipikipiki vyenye sahani ya kubebea mizigo, kimoja kikiwa kimebeba bibi mmoja na friji yake. "Na punda?" aliuliza shangazi, na hakuridhika na jibu.

Kisiwani kuna njia inayopita kwenye mawe laini ya kijivu, sehemu nyingine imetandikwa mbao, na kwa mwendo wa mzee tuliweza kipande kizuri cha kusini bila kuchoka. Upepo lakini! Jua lilikuwa kali na bado tulivaa makoti. Vijana walikuwa wakijitupa baharini wakipiga mayowe. Mimi niliingiza vidole vya miguu tu. Angalia ratiba ya boti ya kurudi mapema. Sisi tuliikosa moja kwa dakika mbili tukangoja muda mrefu gatini, ingawa kusema kweli hiyo ndiyo saa shangazi aliyoifurahia kuliko zote, miguu juu, akiangalia watu wakisuka nyavu.

Jambo jingine la mwezi wa sita: jua linazama baada ya saa nne usiku. Ukitaka kungoja magharibi, jua kwamba utangoja.

Jumapili tulikwenda Haga, mtaa wa zamani wa wafanyakazi. Nyumba zake zina ghorofa ya chini ya mawe au matofali na mbili za juu za mbao. Kwa hofu ya moto sheria ilikataza nyumba za mbao kuzidi ghorofa mbili, basi wajenzi wakatanguliza moja ya mawe kisha wakapandisha zao mbili juu yake. Mikahawa ya hapo inauza bani za mdalasini kubwa kama sahani. Shangazi aliuma, akatafuna polepole, akafumba macho. "Iliki hii." Kweli, Waswidi hukandia unga wao iliki. "Basi haya ni mahamri, wameyanyima tui tu." Moja mnashiba watu watatu. Baadaye tulipita bustani ya Slottsskogen, ambako unaona sili na pengwini bila kulipa hata senti.

Malalamiko yangu ni ya malazi, sitataja jina. Tangazo lilisema kuna lifti. Ilikuwepo, imebandikwa karatasi kuwa ni mbovu. Chumba ghorofa ya tatu, mapokezi hamna mtu, na namba za kufungulia mlango zilitumwa saa mbili na nusu usiku baada ya mimi kupiga simu mara nne. Shangazi alikalia sanduku ukumbini muda wote huo. Ukisafiri na mzee, piga simu siku moja kabla uulize lifti inafanya kazi leo, usiulize kama ipo.

Mji nitaupa nyota tano, chumba mbili. Treni ya kurudi tulikata ya saa kumi jioni, mapema mno. Tungekaa mpaka usiku, mwanga ulikuwepo, na nusu ya bani tulimalizia njiani.