Kikosi cha Umoja wa Mataifa au walinzi wa kampuni?

Nani amlinde mfanyakazi wa ujumbe wa kimataifa? Getini kwake pale Masaki, mlinzi ana rungu, daftari la wageni na kioo cha kuchungulia chini ya gari. Siku nyingi Dar hiyo inatosha, ingawa Agosti 7, 1998 haikutosha: gari la bomu lilizuiwa na boza la maji kwenye lango la ubalozi wa Marekani, likalipuka hapohapo. Watu 11 walikufa, walinzi wakiwemo.

Sasa huyo mfanyakazi wa ujumbe wa kimataifa mhamishie Goma au Baghdad. Akisindikizwa na askari wa Umoja wa Mataifa, amri inaeleweka na risasi ikitoka yupo wa kuulizwa. Kero ni kusubiri. Kikosi kisipopatikana, safari imekufa.

Kampuni binafsi huja chapuchapu, mradi mkataba umesainiwa. Ila pale Nisour Square, Baghdad, mwaka 2007, walinzi wa Blackwater, kampuni binafsi ya ulinzi ya Marekani, waliua raia 17. Kesi ikazunguka miaka na miaka, wanne wakafungwa, kisha Trump akawasamehe mwaka 2020.

Mimi ningesubiri kikosi. Kampuni ningeiachia geti na zamu ya usiku.