Bomba jeusi la maji: usinunue kabla hujauliza habari ya sabuni

Mwezi wa pili nilifukia mita 60 za bomba jeusi kutoka kwenye tanki mpaka jikoni na kwenye bustani ya mchicha, hapa Naliendele, Mtwara. Mwezi wa sita ardhi imelowa tu bila mvua, tukafukua, bomba limepasuka sehemu tatu, zote ama penye kona ama kwenye konekta. Halijavimba wala kuvutika, ni ufa mwembamba umenyooka kama umepitishwa wembe. Fundi akasema presha. Presha gani jamani na tanki langu liko juu mita 3!

Nikakumbuka siku ya kufunga, bomba lilikuwa linagoma kuingia kwenye konekta, akalipaka sabuni ya maji, likateleza, kisha akabana klipsi mpaka ikazama kwenye plastiki. Na pale kwenye kona alilikunja kwa nguvu maana hakutaka kununua elbo.

Sikilizeni, sabuni peke yake haili plastiki hii ya poliethilini, ndo maana hata madumu ya sabuni yanatengenezwa nayo. Shida inakuja plastiki ikiwa imepindwa au imebanwa halafu sabuni ikaikuta hapohapo. Inapenya pale palipovutika, ile minyororo mirefu ya plastiki iliyokuwa imeshikana inaanza kuachiana taratibu, ufa unatokea na unatembea, na joto letu hili linauharakisha. Angalia dumu la sabuni lililozeeka, mara nyingi linapasukia kwenye kona. Plastiki iliyosagwa na kurudiwa minyororo yake ni mifupi, ndo inawahi kuachia.

Kwa hiyo sitawaambia habari za bei kwanza, wala inchi ngapi, hayo kila mtu anayajua.

Namba moja kwangu ni HDPE (poliethilini ngumu) iliyoandikwa PE100, yaani daraja la uimara wa plastiki, na ISO 4427, kiwango cha kimataifa cha mabomba haya ya maji, na mimi nanunua ya kampuni ya Plasco, sifichi. Chukua PN16, yaani la kuhimili presha ya bar 16 (SDR 11, kipenyo ni kama mara 11 ya unene wa ukuta), ukuta wake ni mnene, bomba la milimita 32 linakuwa na unene wa milimita 3, hata klipsi ikibana kidogo lina pa kuvumilia. PN10 unene wake ni milimita 2, presha ya tanki inaiweza kabisa, ila kwa mafundi wetu wanavyobana mimi siichukui.

Namba mbili PE80, daraja la chini ya PE100, inafaa kama PE100 haipo, ila kona usikunje, nunua elbo. Namba tatu PPR, bomba la plastiki ya polipropilini, nzuri ndani ya nyumba, inaunganishwa kwa moto kwa hiyo sabuni haina kazi pale, ila kufukia mbali viungo vinakuwa vingi mno. Bomba jeusi lisilo na maandishi, la bei rahisi: acha.

Viwandani wana kipimo chao, vipande vinachanjwa, vinapindwa, vinatumbukizwa kwenye sabuni kali yenye joto la nyuzi 50, wanahesabu saa mpaka vipasuke. Mimi nilifanya cha kienyeji, nikakata kipande cha bomba langu la zamani na kipande cha PE100, nikachanja vyote kwa wembe, nikavikunja na kuvifunga waya, nikaloweka kwenye ndoo ya sabuni juani. Siku ya tisa kile cha zamani kilikuwa kimeachia. Cha PE100 kimo ndoani mpaka leo, sasa kinaingia mwezi wake wa pili.

Fundi akija mwambie alainishe kwa maji ya moto, sabuni aiache, na bomba la 32 kona yake iwe pana, nusu kipenyo cha mkunjo kama sentimita 80.

Sasa wauzaji. Maandishi yanajirudia bomba zima, kwa hiyo ukikatiwa mita 20 usione hata herufi moja, usikubali kuambiwa eti yamefutika na jua. Mimi niliambiwa hivyo na nikalipa bei ya PE100! Pesa ya korosho ikitoka tu bei inapanda, roli lilelile lililokaa nje limelaliwa na mifuko ya simenti mpaka limebonyea, ukilalamika unaambiwa nauli ya kutoka Dar. Nauli gani kwa mzigo ulioingia tangu masika? Mimi sasa naomba roli lifunguliwe mbele yangu, nasoma maandishi mwanzo na mwisho, nakagua palipobonyea, wakikataa naondoka na hela yangu.