Misimu mitatu na kitafuta samaki mtumbwini: uzoefu wangu, hasa wa betri

Tulikuwa wawili mtumbwini, jua linaelekea kuzama, mchana kutwa hatujaguswa hata mara moja. Ndipo tukapita juu ya mwinuko, kina kikatoka mita 9 kikaja 5, na pembezoni mwake matao, ndivyo samaki wanavyoonekana, yakaanza kujichora kwenye skrini ya kitafuta samaki: moja, mawili, kisha fungu zima. Mwenzangu aliyekaa mbele akalaza kafi taratibu akashika fimbo. Nikapiga kafi kurudi nyuma kidogo tusipeperuke, na skrini ikawa nyeusi. Nikabonyeza. Ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima. Nikabonyeza tena, hivyo hivyo.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "hilo dude lako linatafuta samaki au linawaficha?"

Kifaa chenyewe hakikuwa na kosa, na hakijawahi kuniharibikia hadi leo. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kulinganisha skrini na nusu saa kufikiria umeme. Wenye boti za injini wana betri kubwa na nafasi ya kuiweka, suala hilo hawalifikirii. Sisi wa kafi kila kilo tunaibeba begani kutoka kwenye gari mpaka majini.

Ninachotumia ni kifaa cha skrini ya rangi ya inchi 5, chenye GPS, na transdyusa (kile kidude kinachozama majini) inayopiga sauti ya masafa ya kilohezi 200 kwa picha ya kawaida na 455 kwa picha kali ya chini. Utendaji wake si muujiza. Ni bildi ile ile ya mabaharia, ila badala ya kushusha kamba yenye risasi unashusha sauti. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, kifaa kinahesabu mwangwi umechukua muda gani kurudi, basi kinajua kina. Samaki anaonekana zaidi kwa sababu ya kibofu chake cha hewa, maana hewa ndani ya maji hurudisha sauti kwa nguvu.

Kuna jambo lililonichukua karibu msimu mzima kulielewa. Sauti inashuka kama koni. Koni ya nyuzi 20 kwenye kina cha mita 10 inafunika duara la mita tatu na nusu tu. Samaki anapoingia ukingoni mwa koni yuko mbali nawe kidogo, akifika katikati yuko karibu, akitoka yuko mbali tena, na ndiyo sababu anachorwa kama tao. Lakini hilo ni pale chombo au samaki anapotembea. Mtumbwi ukitulia na samaki naye akatulia, hakuna tao: unapata mstari mrefu uliolala. Nilipita juu ya mistari hiyo mara nyingi nikidhani ni matawi yaliyozama. Kumbuka pia kwamba skrini inasogea hata wewe usiposogea. Ukingo wa kulia ndio sasa hivi, yote yaliyo kushoto yamekwisha kupita.

Zile picha ndogo za samaki ambazo kifaa huchora chenyewe, zizime siku ya kwanza. Kwangu kifaa kilikuwa kikiita samaki kila kitu, mpaka povu la kafi.

Raha yenyewe ni kuvua wima. Ukishusha chambo moja kwa moja chini ya transdyusa unakiona kwenye skrini, mstari mwembamba unaoshuka kama ngazi. Asubuhi moja, kwenye mita 8, nilikuwa nakipandisha na kukishusha chambo, ngazi yangu inapanda na kushuka, mara mstari wa pili ukajitenga na sakafu. Mnene kuliko wangu. Ukapanda polepole, ukasimama chini ya chambo kama nusu mita, ukashuka. Nikatikisa fimbo kidogo. Ukapanda tena, na safari hii mistari miwili ikawa mmoja. Mkono ulihisi baada ya jicho kuona. Kwa ajili ya dakika ile namsamehe mtengenezaji menyu zake zote zilizojificha ndani ya menyu nyingine.

Sasa umeme, ambako ndiko nilikoumia.

Nilianza na betri nane za tochi kwenye kisanduku chake, nane mara volti 1.5, volti 12. Hesabu nzuri, matokeo mabaya. Kifaa changu hujizima umeme ukishuka karibu na volti 10, yaani kila betri ikifika 1.25, na hizi za alkali hufika hapo zikiwa bado na chakula kingi tumboni. Hazikumaliza asubuhi. Nilizirudisha nyumbani zikawasha tochi kwa wiki kadhaa.

Nikahamia betri kavu ya risasi na asidi, ile ya volti 12 na ampia-saa 7 inayokaa kwenye vifaa vya king'ora. Ni imara na ina uzito wa kilo mbili na ushee. Tatizo ni kwamba ile 7 iliyoandikwa ubavuni huwezi kuila yote: ukiishusha mara kwa mara chini ya nusu inazeeka haraka. Nilipima kifaa changu kwa mita, kinakula ampia 0.45 mwanga wa skrini ukiwa katikati, na 0.6 mwanga ukiwa juu kabisa. Nusu ya betri ni 3.5, basi ni kama saa 8 mwanga wa katikati, saa 6 hivi mwanga wa juu. Na jua likiwaka nani anaweka mwanga katikati? Hiyo ni betri mpya. Ya kwangu nilikuwa nimeiacha stoo miezi minne bila kuichaji, na betri ya risasi ikikaa tupu hujiharibu yenyewe ndani kwa ndani. Asubuhi yake ilionyesha volti 12.7 bila mzigo, nikajiona nimejipanga. Jioni ndiyo ile habari ya matao. Volti zisizobeba mzigo hazikuambii betri imebakiwa na kifua kiasi gani.

Betri hiyo hiyo iliniogopesha siku nyingine. Ilikuwa kwenye kisanduku kimoja na vifaa vya uvuvi, koleo la kung'olea ndoana likateleza likalala juu ya nguzo zote mbili za betri. Cheche, harufu, na koleo likawa na alama ya kuungua ambayo ipo hadi leo. Fyuzi isingenisaidia, maana umeme haukupita kwenye waya. Nikanunua vifuniko vya mpira vya nguzo na betri ikapata kisanduku chake yenyewe, kisichopitisha maji. Fyuzi nayo ipo, ya ampia 3 kama kitabu cha kifaa kinavyotaka, kwenye waya chanya na karibu kabisa na betri. Ikikaa upande wa kifaa, waya wote ulio kati hauna mlinzi.

Powabanki pia nimeijaribu, kwa waya unaopandisha volti 5 kuwa 12. Inawezekana. Ila ile 20,000 iliyoandikwa juu ni kwa volti 3.7 za ndani, kwa hiyo usiigawanye kana kwamba ni ampia-saa 20 za volti 12. Ni kama wati-saa 74, na sehemu inapotea njiani. Kilichonifanya niache si muda. Waya ule wa bei ya chini ulileta kelele, skrini ikajaa vitone na mistari ya mshazari kila nilipoongeza usikivu. Nikarudisha betri ya kawaida, picha ikawa safi.

Tangu msimu wa pili ninatumia lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4, ampia-saa 7 vilevile. Ina uzito usiofika nusu ya ile ya risasi na unaweza kuila karibu yote, kwa hiyo kwa mwanga wa katikati napata saa 15. Siku mbili za kuvua bila kuchaji, na jioni ya siku ya pili skrini inang'aa kama asubuhi ya kwanza. Lakini ina tabia yake. Volti zake hukaa karibu 13.2 muda mwingi, kisha zinaporomoka na ulinzi wa ndani unakata ghafla, bila onyo lolote. Ile alama ya volti kwenye kona ya skrini haina maana tena. Mimi nahesabu saa, kwa kalamu, kwenye kipande cha tepu kilichobandikwa juu ya kisanduku. Chaja nayo iwe ya lithiamu. Na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, hiyo inaiua.

Mwenye skrini ya inchi 7 au 9 apige hesabu upya. Ya rafiki yangu inakula ampia 1.1, na betri kama yangu inamwisha ndani ya saa sita.

Kabla hujailaumu betri, angalia viungio. Kuna safari mbili kifaa kilikuwa kinajizima mtumbwi ukiyumba, nikaichaji betri mara tatu bure. Kumbe ndani ya plagi shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Brashi, grisi ya umeme, kwisha.

Kuhusu kufunga transdyusa. Wengi watakuambia ibandike ndani ya mtumbwi kwa silikoni, sauti itapita kwenye plastiki. Kwa plastiki ya tabaka moja, kweli hupita. Mtumbwi wangu ni wa tabaka tatu, la katikati ni povu, na povu ni vijipovu vya hewa. Nilibandika, nikasubiri silikoni ikauke usiku kucha, nikaingia majini, kifaa kikaniambia kina ni vistari viwili. Hakuna kitu. Jaribio ambalo lingeniokoa ni la dakika mbili: mimina maji kidogo ndani ya mtumbwi, lalaza transdyusa humo, soma kina, kisha itoe uitumbukize nje ubavuni. Vikilingana, bandika. Visipolingana, usihangaike. Mtumbwi wa mbao nao usijaribu.

Sasa ninatumia mkono wa bomba uliobanwa kwa jiliwa ubavuni, nyuma ya kiti changu ili kafi lisiugonge. Transdyusa lazima iangalie chini wima. Ikiinama kidogo tu matao yanakuwa nusu. Ninaunyanyua kabla ya kufika ufukoni, au nasahau na mchanga unanikumbusha.

Mwenzangu yeye amenunua ule mpira unaorushwa, wenye betri ndani, unaozungumza na simu bila waya. Namwonea wivu asubuhi, wakati mimi nafunga nyaya na yeye yupo tayari majini. Ikifika saa sita simu yake imekwisha chaji, au kioo kimelowa na kidole hakishiki. Basi anasogea karibu na mtumbwi wangu na kuniuliza kina ni ngapi.