Maji ya Funafuti: tangi la mvua au mtambo wa kuondoa chumvi?

Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki ambayo mji wake mkuu ni Funafuti, haina mto, na maji ya chini ya ardhi yameingiwa na chumvi. Kwa gharama, tangi linashinda: milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni karibu lita 1,000, bila umeme. Ila gata ikilegea kwenye kona, maji yanaishia mchangani. Na mvua ya kwanza lazima imwagwe, maana inaosha kinyesi cha ndege.

Tangi la lita 10,000 kwa watu sita, lita 40 kila mmoja kwa siku, linakauka baada ya siku 41. Ndiyo maana katika ukame wa 2011 serikali ilitangaza hali ya dharura, mitambo ikaletwa kwa ndege. Mtambo haungoji mvua, lakini unakula dizeli, na vichujio vikiziba, vipuri vinasubiri meli.

Kaya yenye paa zima ianze na tangi. Hospitali isikose mtambo.