Uzoefu Wangu na Wakili wa Viza ya Marekani Baada ya Kufukuzwa Nchini Humo

Niliondolewa Marekani kwa amri ya jaji wa uhamiaji baada ya kukaa kupita muda niliopewa. Nilipotaka kurudi kwa ajili ya harusi ya binti yangu anayeishi kule, nikatafuta wakili wa uhamiaji anayehudumia wateja walio nje kwa njia ya intaneti. Kwa jumla huduma yake ilistahili malipo, ingawa si kwa sababu zilizotajwa kwenye tangazo lake.

Kilichonifaa zaidi kilifanyika kabla fomu yoyote haijajazwa. Wakili alianza kwa kuomba nakala ya jalada langu la uhamiaji, ombi ambalo hata mhusika anaweza kulituma mwenyewe, kwa kuwa aina ya amri ndiyo inayoamua urefu wa zuio la kurudi Marekani: aliyerudishwa alipofika mpakani kwa kawaida huzuiwa miaka 5, aliyeondolewa kwa amri ya jaji akiwa ndani ya nchi miaka 10, na aliyeondolewa kwa mara ya pili miaka 20. Mawakala niliowauliza Dar es Salaam hawakuligusa jambo hilo. Mmoja alinishauri nibadilishe pasipoti na kujibu "hapana" kwenye swali la kufukuzwa katika fomu ya DS-160, yaani fomu ya kuombea viza kwa mtandao, kana kwamba alama za vidole nazo hubadilishwa pamoja na pasipoti. Uongo wa aina hiyo huzaa zuio jingine ambalo halina kikomo cha miaka.

Zuio langu lilikuwa halijaisha, hivyo tuliomba msamaha unaotolewa kwa wasafiri wa muda. Hapa wakili alikuwa makini: afisa wa ubalozi hapendekezi msamaha kabla hajaridhika kwamba mwombaji atarudi kwao, kwa hiyo tulitilia mkazo hati ya nyumba, leseni ya biashara na stakabadhi za kodi za TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Pendekezo likishapita, mamlaka ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani hupima mambo yaliyowekwa katika shauri la Hranka la mwaka 1978, yaani hatari kwa jamii, uzito wa makosa ya zamani na sababu ya safari. Barua aliyoandika ilijibu yote matatu bila kulalamika wala kupamba.

Ankara ya ofisi ya wakili, hata hivyo, ilikuwa na "ada ya serikali ya msamaha", ilhali kwa njia ya ubalozi nilitakiwa kulipa ada ya viza peke yake, dola 185 zisizorudishwa. Nilipohoji waliifuta bila ubishi, lakini mteja asiyehoji angeilipa. Vilevile walizungumzia wiki chache za kusubiri. Zikawa miezi, na harusi ikaahirishwa. Viza ilitoka, ya kuingia mara moja tu. Kwa mtu ambaye hana hakika kama zuio lake limekwisha, ningependekeza anunue kwanza huduma ya kusomewa jalada pekee, ambayo wanaitoza kando na kwa bei nafuu zaidi.