ZipGrade kwa wakufunzi wa Tabora: simu inasoma vizuri, kopi ndizo zinazoangusha

Wanachuo 100, jaribio la maswali 20 ya kuchagua, matokeo yanatakiwa kesho asubuhi. Kazi ya namna hii ndiyo ZipGrade inaiweza hasa. Ni programu ya simu inayosoma fomu za majibu kwa kamera. Toleo la bure linasahihisha karatasi 100 kwa mwezi, na kusoma fomu hakuhitaji bando. Kuna fomu za maswali 20, 50 na 100. Zile za 20 huingia nne katika ukurasa mmoja, hivyo kurasa 25 zinatosha darasa zima.

Kinachokwamisha ni kopi. Kamera hutafuta miraba myeusi ya pembeni mwa fomu. Mashine ya steshenari ikikata ukingo kidogo, fomu hiyo haisomeki tena. Kopi ya kopi ni mbaya zaidi: weusi unageuka kijivu, na vumbi la kioo linachapika kama alama. Mpelekee mwenye mashine ukurasa uliotoka kwenye printa, atoe kopi moja, uijaribu kwa simu palepale kaunta, ndipo aendelee na zilizobaki.

Wanachuo wengi walishasiliba mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo maelezo ni machache: penseli ya HB iliyokolezwa, ufutio safi, pasiwe na mkasi wala vema. Aliyekata jibu kwa kalamu na kusiliba jingine ataonekana amechagua mawili. Fungua karatasi yake kwenye simu urekebishe kwa mkono. Namba za usajili zenye herufi na mikwaju hazikai kwenye fomu, basi gawa namba fupi kabla ya siku ya jaribio.

Usipigie picha chini ya mwembe. Kivuli chake kina madoadoa ya jua, na doa la kivuli juu ya duara huweza kusomwa kama jibu. Meza iliyo karibu na dirisha inafaa zaidi.

Hazina yenyewe imo kwenye uchambuzi wa maswali, na kuupita ni hasara kubwa. Hapo unaona wangapi walichagua A, B, C au D kwa kila swali. Wanachuo 80 wakichagua B wakati mwongozo unasema C, kagua mwongozo kwanza. Ukiurekebisha, alama za wote hujipanga upya. Mwongozo ukiwa sahihi na bado wanaoongoza darasa wanalikosa swali lilelile, lisome upya: mara nyingi lina majibu mawili yanayotetewa, au kanusho lililofichwa katikati ya sentensi.

Insha na hesabu za hatua kwa hatua ZipGrade haizigusi. Darasa likizidi 100, lipia usajili wa mwaka, au karatasi chache zilizozidi uzisahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu.