Sukari ya mnazi dola 8?! Tuipime hapa Lubumbashi

Jambo yenu, bandugu! Pakiti ndiyo hii: nusu kilo, imetoka Indonesia. Nimeilipa dola 8. Sukari nyeupe inayopitia mpaka wa Kasumbalesa, kilo nzima haifiki dola 2!

Rangi mnaiona, tusimalize mega zenu hapo. Mimi leo nina ugomvi na bei. Sogeza kamera. Chupa za maji za lita moja: moja, mbili, tatu, na hii nusu. Utomvu wa kutoa pakiti hii moja ni kama kiasi hicho. Si madafu, eh! Ni utomvu wa karara, yaani chipukizi la maua ya mnazi, ule ule wanaogema kwa pombe ya tembo kule pwani. Sukari humo ni kama asilimia 15, kinachobaki karibu chote ni maji.

Sasa hayo maji yatokeje? Kwa moto tu. Nimeyamimina kwenye sufuria, sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Angalieni: makala yamekwisha kuwa majivu, maji hayajapungua hata nusu. Ongeza makala. Kule Indonesia ni kuni, kila siku ya Mungu. Na mgema hawezi kungoja, maana utomvu ukikaa saa chache unachacha. Ndiyo maana wanatia chokaa kidogo kwenye chombo. Anapanda asubuhi, anapanda jioni, kila mara anakata ncha ya karara. Na karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo amekwisha kuacha pesa ya nazi.

Haya, dola 8 zimeanza kunieleweka. Lakini toa meli, toa forodha, toa lori, toa muuzaji wa hapa mjini. Mgema anabaki na ngapi?

Ee, na hii karatasi iliyobandikwa nyuma: "nzuri kwa wenye kisukari". Nani amewaambia? Asilimia 70 hadi 80 ya kitu hiki ni sukrosi, ile ile ya sukari nyeupe. Mama mwenye kisukari asiuziwe maneno.

Kwenye chai sirudii. Kwenye keki, au karanga za kukaanga, hapo nakubali, ina harufu ya kuungua kidogo, tamu kabisa.

Juma lijalo ni asali ya pori, mpinzani wake wa kweli kwa bei. Unauza? Andika bei hapa chini, kwa faranga, si dola. Na mbonyeze kengele, jameni, makala si ya bure!